Mgawa Maji wa Gharnata na Kasian wa Ras Al Khor

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo Bibi ametunga kurasa nne kabla ya chai ya saa nne. Nne! Mkono unaniuma mpaka begani, na nina furaha ya kijinga.

Daftari la zamani limejaa, naanza hili. Mambo ni yaleyale. Oud Metha, Dubai, ghorofa ya sita, mwaka wa nne sasa. Alfajiri jikoni, kisha usafi. Madam Raghad akishaondoka kazini nakaa kwenye zulia karibu na kiti cha mama mkwe wake, Bi Kawthar, ambaye mimi namwita Bibi, nimeshika penseli. Presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu wa pembeni, hawezi kusoma wala kuandika. Lakini kichwani ana riwaya nzima! Uhispania, mwaka 1491. Mji wa Gharnata umezingirwa na jeshi la Wakristo, chakula kinaisha, na ndani ya mji yuko Nuzha, mfuma hariri, anayependwa na wanaume wawili. Wa kwanza ni Gonzalo, mkalimani wa upande wa pili, mtu mpole, mwenye baghala wawili wa kubeba mizigo na kibali cha kutoka mjini. Wa pili ni Idris, mgawa maji. Kazi yake ni kufungua na kufunga mifereji ili kila bustani ipate zamu yake.

Idris. Naandika jina lake na natabasamu peke yangu hapa chumba cha kufulia.

Bibi aliwahi kufika huko na marehemu mumewe, miaka ya themanini. Anasema majumba hayakumshtua, majumba kayaona mengi. Kilichomshtua ni sauti ya maji inayopita ukutani. Tangu siku hiyo, anasema, kitabu kikaanza kumwandama. Miaka arobaini! Kisha akanipata mimi, mtu wa Makete, kidato cha nne, mwenye mwandiko mzuri na moyo mwepesi. Kila mtu na riziki yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niungame hapa, maana pengine pa kuungama sina.

Bibi husema, mimi naandika kwa penseli, mbiombio, kwenye daftari la mistari. Akishalala mchana nanakili kwa wino kwenye kitabu kikubwa cheusi alichonunuliwa na mwanawe. Halafu nachukua raba, nafuta ile penseli yote ili daftari litumike tena. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu daftari moja lilikula mihula miwili.

Basi. Katikati ya penseli na wino ndipo mambo yanapotokea. Bibi ni mchoyo wa maneno kwa Idris. Kwa Gonzalo atataja mpaka vifungo vya koti. Kwa Idris: "Alikuja." Alikuja tu! Amekujaje? Kwa mwendo gani? Siku moja alisema ni mfupi, mkali, ana mwanya. Mfupi? Nani ampende mwanaume mfupi kwenye riwaya? Nikamwandika mrefu. Nikamwondolea ukali, nikampa ukimya. Leo nimempa tabia ya kufuta kiganja pajani kabla ya kumsalimia mtu, kwa sababu mikono yake ina tope siku zote na anaona haya. Nimeisoma sentensi hiyo mara tano.

Ni vitu vidogo. Chumvi tu kwenye mchuzi wa mwenzangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku yangu ya mapumziko. Kanisani, kisha chai ya karak.

Kasian alichelewa misa. Arbab wake, yaani bosi, alimwita asubuhi kushusha injini, eti mteja wa Ajman hawezi kusubiri hadi Jumatatu. Kasian ni mtu wa Mbinga, anafanya kazi gereji ya vipuri vilivyotumika kule Ras Al Khor. Mwaka na nusu sasa tunakaa benchi moja, yeye mwisho wa benchi kwa sababu ya miguu yake mirefu. Alifuta kiganja pajani, akanipa mkono. Hata siku ya Bwana ananuka dizeli.

Tukasimama nje ya kantini na vikombe vyetu. Akasema bila kuzunguka: mkataba wake umeisha, anaondoka Ijumaa ya tarehe 14 Novemba, na harudi. Yeye na kaka yake wanafungua duka la vipuri Songea. "Nataka tuoane, Leah. Mkataba wako unaisha Desemba. Usisaini mwingine. Nikipanda ndege bila jibu nitajua ni hapana."

Hivyo tu! Kama anayesoma orodha ya vipuri. Gari inapita, mhudumu anatudai vikombe, na mimi naposwa.

Nikasema nipe muda nifikirie. Akasema sawa, fikiria. Akaninunulia sambusa mbili, akaniuliza kama lile jiko la madam bado linavuja gesi, kwa sababu anaweza kuja kulitazama.

Wiki iliyopita Idris alimwambia Nuzha kwamba bustani yake ndiyo pekee katika mji mzima anayoifungulia maji kwa mkono wa kushoto, wa upande wa moyo. Hayo nayo niliyaongeza mimi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemweleza Dorcus. Yeye ni Mganda, askari wa mlangoni kwenye jengo moja la Dubai Marina, tulikuja na ndege moja. Simu za WhatsApp hapa hazipiti, kwa hiyo ni voisi. Nikamwambia ukweli wote: kwamba Kasian ni mwema, lakini usiku nikifumba macho namwona mgawa maji.

Jibu lake nimelisikiliza mara tatu nikikunja mashuka. "Leah nyabo, wewe uko na shida. Mwanaume mzima amesimama mbele yako, anakula sambusa, na wewe uko na mtu wa 1491? Banange! Huyo alishaoza!"

Nimekasirika. Hasira ya mtu aliyeambiwa kweli.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jumamosi ni siku ya kusoma. Baada ya alasiri anakuja Bi Hadijah, binti ami yake Bibi, na mabinti zake wawili. Kahawa chungu, halua, ubani kidogo. Mimi naketi katikati na kitabu cheusi, nawasomea ya wiki nzima. Siku nyingine naingia sebuleni na sinia. Jumamosi naingia na kitabu, na wananisogezea mto.

Leo sura ya bustani. Mabinti waliguna mpaka nikaona haya. Bi Hadijah alisema angekuwa kijana angemfuata huyo mgawa maji hadi ndani ya mfereji, na nguo zake zote. Vicheko! Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe chake kitupu.

Nilikuwa na raha isiyo na jina. Nje jua lilikuwa linazama nyuma ya majengo, sebule yote rangi ya asali, na mimi nilikuwa Gharnata, naapa, nimechovya miguu.

Madam ameweka karatasi za mkataba mpya juu ya friji. Miaka miwili. Ameniambia kwa upole, mama amefurahi tangu uanze kumwandikia, analala vizuri. Hakuna haraka Leah, lakini kabla ya tarehe 15 mwezi ujao iwe khalas, sawa? Nikasema inshallah, madam.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo Bibi kasema, kabla hata hajamaliza chai: "Andika. Leo Idris anakufa."

Nikadhani anatania.

Hakuwa anatania. Jeshi limeziba mfereji mkuu, mji una kiu. Idris anatoka alfajiri peke yake kwenda kuufungua. Anaufungua. Mshale unampata akiwa magotini, anaangukia majini, na maji yanaendelea na safari yake hadi bustani ya Nuzha. Nuzha anajua Idris amekufa kwa sababu maji yamefika. Bibi alisema yote haya polepole, akirudia, akibadilisha, saa nzima na nusu. Sijawahi kumwona akimpa Idris maneno mengi namna hiyo. Mwisho akauliza nimepata yote? Nikasema yote, Bibi.

Mchana nilikaa na wino nikashindwa.

Nimejaribu mara tatu. Mara ya nne kalamu ilikwenda yenyewe. Mshale ukamkosa. Akafichwa kwenye kinu cha zeituni, na Nuzha akaja na birika na beseni, akamwosha mikono. Kurasa mbili za kuosha mikono tu! Sijapata kuandika kitu kizuri kama hicho maishani mwangu. Halafu nikachukua raba, nikafuta penseli yote, nikapuliza vumbi.

Nimemwokoa. Dada wa kazi wa Makete amemwokoa mtu wa Gharnata. Nacheka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kesho kusoma! Bibi atasikia. Nilikuwa nafikiri nini?

Labda atasinzia. Labda nijifanye nimekauka sauti. Labda nisome haraka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Niandike kama ilivyokuwa, nisijipambe.

Nilisoma haraka. Nilipita mfereji, nikapita mshale, nikafika kwenye kinu. Nikaanza kuamini nimepona. Kisha nikasoma: "Nuzha akaiosha mikono yake mara tatu kwa maji ya waridi, lakini ile harufu ya dizeli haikutoka."

"Dizeli?" akasema Bi Hadijah.

Mabinti zake waliangua kicheko, mmoja akamwaga kahawa kwenye zulia. Mwingine akauliza kama huyo Idris alikuwa na Landcruiser. Nikasema nimekosea, nilitaka kusema tope. Niliisoma tena ile sentensi kwa macho: dizeli. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, bila kufutwa. Niliandika na wala sikuiona.

Bibi hakucheka. Aliuliza jambo moja. "Na mshale?"

"Ulimkosa, Bibi."

"Ulimkosa," akasema.

Aliwaaga wageni mapema, kwa adabu zote. Mlango ulipofungwa akageuza uso upande wangu. "N'na upofu, sina uziwi. Tangu mwezi wa nane namsikia mtu mwengine anaingia katika kitabu changu. Mrefu. Mpole. Anafuta mkono pajani. N'kanyamaza, n'kasema mtoto anajifurahisha, hanidhuru. Kumbe wanidhuru. Sasa nikifumba macho namuona huyo wako. Wangu simuoni tena. Umemtia wapi?"

Akataka lile daftari la penseli. Nikampa. Akapitisha vidole ukurasa kwa ukurasa, kama kuna kitu cha kushika. Ikabidi nimwambie: Bibi, hamna kitu humo. Nafuta. Huwa nafuta kila siku ili lisiishe.

Hakunipandishia sauti. Angenipigia kelele ningeshukuru.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikwenda kanisani. Kasian kaandika: Upo? Nikajibu: Naumwa. Kaandika: Nikuletee dawa gani?

Kiganja ni cha Kasian. Urefu ni wa Kasian. Ukimya ni wa Kasian, na dizeli, Mungu wangu, dizeli! Nimemwibia mtu wa Ras Al Khor vitu vyake vyote nikampa mtu wa karatasi, halafu nikampenda wa karatasi. Na huyo wa karatasi naye alikuwa mali ya mwingine.

Jumanne, 28 Oktoba

Siku ya tatu. Hatungi. Anasikiliza Kurani redioni, amegeukia dirisha. Ananiita kwa dawa ya macho tu. Namdondoshea, matone mawili kila jicho, na yanachuruzika mashavuni kama machozi. Sijui kama ni dawa tu.

Madam kaniuliza mama ana nini. Nikasema sijui. Uongo umekuwa mwepesi kwangu siku hizi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Baada ya alasiri kaniita. Nikaja na penseli, maskini mimi. "Iweke," akasema. "Leo huandiki. Leo unatazama uso wangu."

Nikakaa. Akaanza kusema Kiswahili chake cha Unguja, kile cha zamani, mpaka mengine ikabidi nibahatishe.

Huyo wake alikuwa fundi wa mabomba wa manispaa. Mfupi, mkali kama pilipili, ana mwanya hapa. Bomba la uani kwao lilivuja, akaja akalitengeneza. Baada ya wiki likavuja tena. "N'kilivujisha mwenyewe," kasema Bibi, "kwa koleo la baba." Na akacheka! Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alikuja mara kumi na moja. Hawakusemezana la maana hata mara moja. Yeye na bomba lake, Bibi na ukaya wake kichwani, na mama yupo dirishani anahesabu dakika. Mara ya kumi na moja fundi alisema, bila kuinua kichwa, kwamba bomba hili halina ugonjwa, ila yeye ataendelea kuja.

Kisha Bibi akaozwa. Kisha wakaondoka Unguja, Maskati kwanza, halafu huku. Mumewe alikuwa mtu mwema. Miaka arobaini na minane hakumwona amenuna. "Gonzalo usinichafulie, n'nakwambia mapema. Gonzalo alikuwa mtu."

Na habari ikaja kwa barua ya Bi Hadijah, aliyekuwa amebaki kule miaka ile. Harusi ya fulani, bei ya mchele, mtoto wa nani kaota meno. Chini kabisa: yule fundi wa bomba kafariki. Mstari mmoja. Bibi aliusoma jikoni, akakunja barua, akaendelea kukaanga samaki kwa sababu wageni walikuwa wameshafika.

"Nataka kifo chake kiwe kirefu, Leah. Kitabu chote kile nimekitia maneno ili nifike hapo. Nilifika. Nawe ukakifuta."

Nililia mpaka nikashindwa kuomba msamaha. Yeye akanitafuta kichwa kwa mkono, akakipata, akauacha mkono hapo. Kisha kasema kesho tuanze upya, na safari hii niandike moja kwa moja kwa wino.

Jumapili, 2 Novemba

Nimemwambia Kasian yote. Karak yetu ilipoa. Idris, mwendo wake, kiganja, hata dizeli. Nilitegemea acheke, kwa kuwa Dorcus nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa. Kasian hakucheka. Aliuliza kama huyo Idris anajua kusema maneno matamu. Nikasema anajua. Akasema, "Mimi siwezi."

Akanywa karak yake iliyopoa. Kisha akasema kitu ambacho kimenikaa tangu saa hiyo: "Kwa hiyo unanipenda nikiwa sipo."

Nilitazama mikono yake. Kidole cha shahada kina kovu jipya, sijui kalipata wapi. Sikuuliza.

Kasema hatarudia swali. Alhamisi ya tarehe 13 atapita kwetu, saa kumi, kuaga. Atakaa chini ya jengo nusu saa. Nikiona vyema nishuke. Nikiona si vyema, nisishuke, naye hatapiga simu wala hataandika. "Sitaki kukusumbua," akasema, na akaondoka bila kuninunulia kitu. Nilibaki nimeshika vikombe viwili.

Alhamisi, 6 Novemba

Tunaandika. Wino tu. Bibi akikosea tunakata kwa mstari na tunaendelea, ukurasa umekuwa mchafu kama uwanja wa kuku na anasema ndivyo anavyoutaka.

Idris ni mfupi sasa. Mkali. Ana mwanya. Nilidhani nitamkosa wangu. Simkosi. Huyu ana kelele, anagombana na wenye bustani, anamwambia tajiri mmoja kwamba maji hayajui cheo. Ningemwogopa. Ningemtengenezea chai na kukaa mbali. Lakini sasa naelewa kwa nini msichana angeweza kushika koleo.

Kifo kimefika ukurasa wa tano na Bibi hajakimaliza. Kila siku anakisogeza kidogo. Simharakishi.

Jumamosi, 8 Novemba

Kurasa saba. Nimezisoma leo, bila kuongeza hata nukta.

Hakuna aliyegusa halua. Nilipofika pale maji yanapoingia bustanini kwa Nuzha, naye anaacha kufuma, Bi Hadijah alianza kulia. Si kilio cha riwaya. Akahama kiti, akakaa karibu na Bibi, akamshika mkono. "Alikuwa na mwanya," akasema. Bibi akaitikia, alikuwa nao. Mabinti wakatazamana. Hawakujua mama yao anazungumzia nani, na hakuna aliyewaeleza.

Bi Hadijah kasema ile barua, angejua, angeiandika vingine. Bibi kamwambia, ungeiandika vingine ningeungua na samaki wangu.

Nikatoa vikombe. Nilisimama jikoni muda mrefu nikitazama zile karatasi za mkataba juu ya friji.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwuliza Bibi waziwazi: nifanye nini? Yeye angefanya nini?

Alikuwa anakula papai. Kasema hajui. Kasema yeye hakuulizwa. "Mimi sikuulizwa, mwanangu. Nilivalishwa, nikapakwa hina, n'kaambiwa huyu. Nikabahatika. Wewe umeulizwa. Sina ninalolijua katika kuulizwa."

Halafu kataka ndimu kwenye papai.

Nikiondoka, nani atamwandikia? Nikibaki, miaka miwili mingine ya kunusa mikono ya watu wa karatasi? Na kama Kasian hana neno kwa siku zote za maisha yetu, pale Songea, mvua inanyesha, amekaa na kikombe chake? Namwogopa mtu nisiyeweza kumtungia maneno. Haya, nimeliandika.

Dorcus leo hakutania. Kasema tu kwamba yeye aliwahi kutoshuka ngazi, mwaka 2019, Kampala, na kwamba hataki kulizungumza.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa tisa na nusu. Sura ya mwisho. Mji umesalimu amri. Gonzalo yuko langoni na baghala wake wawili, mmoja amebeba mizigo, mmoja mtupu. Nuzha yuko mlangoni kwake. Nikangoja. Nikauliza, Bibi, anakwenda? Kasema anaujua mwendo wa Nuzha barabarani, miaka arobaini na minane ya huo mwendo anaijua. Asichokijua ni ile hatua ya kwanza, maana hatua yake yeye ilipigwa na wengine. "Nitailalia," akasema, akafumba macho. Hajalala. Akilala hukoroma.

Saa kumi na dakika tano. Yuko chini. Sijapigiwa simu, alisema hatapiga, lakini yuko. Kasian hachelewi isipokuwa arbab amemwita. Naandika hapa mezani jikoni. Friji inanguruma. Karatasi za mkataba nimezishusha, ziko mbele yangu, na kalamu ninayo.

Amesimama chini ya ile miti ya barabarani, mikono mfukoni, ameinua uso anahesabu ghorofa. Kavaa shati la kanisani. Anajua ni la sita. Uso wake una huzuni ya mtu aliyekwishajijibu mwenyewe, na upepo wa alasiri unampeperusha kola, na yeye wala hai...

Saa kumi na robo. Nimesimamisha kalamu. Sijachungulia dirishani! Hilo shati sijaliona. Hiyo huzuni nimeitunga. Nimekaa hapa namwandika mtu aliye mita ishirini chini yangu.

Nimekwenda dirishani.

Hajavaa shati la kanisani. Kavaa fulana ya njano, sijawahi kuiona. Hajasimama, kakaa kwenye ukingo wa barabara na miguu yake yote ile, na pembeni yake kaketi mlinzi wa jengo, yule Mnepali asiyeongea na mtu. Wanakula kitu kwenye mfuko mmoja. Kasian anaongea. Anaongea! Anarusha mikono, anaeleza jambo refu, anaonyesha ukubwa wa kitu, kitu kikubwa sana, na yule Mnepali kajishika tumbo kwa kucheka. Kasian naye anacheka, kainamisha kichwa chini kabisa kati ya magoti. Mwaka na nusu benchi moja na sikuwahi kumwona hivyo.

Sijui anaeleza nini. Kutoka huku juu sisikii hata neno. Nimebandika sikio kwenye kioo kama mwehu.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili. Bibi kaita kutoka sebuleni, macho kayafumba vilevile, kauliza mbona nyumba iko kimya, nani anaandika saa hizi.

Nataka kujua anacheka nini. Nataka aniambie mwenyewe, kwa maneno yake, hata yakiwa matatu.

Viatu vyangu viko wapi? Asubuhi vilikuwa hapa mlangoni